Manahodha wa Collingwood: nani aliongoza, na nani anahesabiwa

Klabu ya Collingwood ya mjini Melbourne imetwaa ubingwa wa ligi kuu ya mpira wa Australia mara 16 tangu ligi hiyo ianze mwaka 1897, na mara hizo zote zimegawanyika kwa manahodha 11. Anayeishia kwenye takwimu hiyo atadhani kwamba orodha ya manahodha wa klabu hii ni jambo jepesi la majina na miaka. Akisogea karibu zaidi atakuta nahodha aliyeikosa fainali ambayo timu yake ilishinda, mwingine aliyevuliwa cheo kwa sababu ya kudai malipo bora na kurejeshewa miaka sita baadaye, na mwingine tena aliyeipa klabu ubingwa wake wa kwanza kabisa lakini hayumo miongoni mwa wale 11. Utata huu una chanzo kimoja: kwa zaidi ya miaka 130 cheo cha nahodha kimebaki na jina lile lile, huku madaraka yake yakihama kwenda kwa kocha, kwa kamati ya klabu, na mwishoni kwa wachezaji wenyewe. Kila jina katika orodha hiyo linapaswa kusomwa pamoja na swali la nani hasa aliyekuwa na usemi wa mwisho wakati huo.

Mchezo wenyewe unahitaji maelezo mafupi. Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani, na uwanja una umbo la yai, kama ulivyo mpira unaochezewa. Mpira hupigwa kwa mguu au kwa ngumi, na kuurusha kwa mkono ni kosa. Kila upande una nguzo nne: mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya nguzo mbili ndefu za katikati ni goli, nalo lina pointi 6; ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi ni pointi 1. Mechi huchezwa kwa robo nne, na manahodha hurushiwa shilingi ili mshindi achague goli la kushambulia katika robo ya kwanza, uamuzi wenye uzito pale upepo unapovuma kuelekea upande mmoja. Viwanja vikubwa vya mchezo huu vina urefu unaozidi mita 150, kwa hiyo kocha aliyeketi pembeni hawezi kusikika na mlinzi aliye upande wa pili. Hadi katikati ya karne ya 20, waliporuhusiwa watu wa kukimbia uwanjani na ujumbe wa kocha, aliyeweza kubadilisha mpango mchezo ukiendelea alikuwa mtu mmoja tu, nahodha.

Collingwood ilicheza mechi yake ya kwanza tarehe 7 Mei 1892 dhidi ya Carlton katika uwanja wake wa Victoria Park. Mtaa wa Collingwood wakati huo ulikuwa wa wafanyakazi wa viwandani, na klabu ilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo mtaa huo uliweza kujivunia mbele ya mitaa ya wenye nacho. Mwaka 1896, ikiongozwa na nahodha Bill Strickland, ilitwaa ubingwa wa chama cha mpira cha jimbo la Victoria kwa kuishinda South Melbourne katika mechi ya ziada iliyochezwa kwa sababu timu hizo mbili zilimaliza msimu zikiwa sawa. Mwaka uliofuata Collingwood na klabu nyingine saba zilijitenga na kuanzisha ligi yao, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa ligi ya taifa zima. Kumbukumbu za ligi huanzia hapo, na ndiyo maana Strickland hahesabiwi. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa, kwa sababu wakati huo hapakuwa na kocha kwa maana tunayoielewa leo. Nahodha ndiye aliyepanga wachezaji na kuamua namna ya kucheza. Kwa kipimo cha madaraka halisi, Strickland aliiongoza timu yake kuliko wengi wanaoonekana katika orodha rasmi.

Lardie Tulloch, nahodha wa ubingwa wa 1902 na 1903, ni wa zama hizo hizo. George Angus, aliyechukua ubingwa wa 1910, alikuwa nahodha na kocha kwa pamoja. Mabadiliko makubwa yalikuja na mtu aliyemfuata, Jock McHale, ambaye mwaka 1912 alianza kuifundisha timu na hakuiacha hadi mwisho wa msimu wa 1949. McHale alikuwa nahodha pia katika misimu ya 1912 na 1913, kisha akakiacha cheo hicho na kubaki na kazi ya ukocha huku akiendelea kucheza. Hivyo katika ubingwa wa 1917 McHale alikuwa uwanjani akicheza, kocha akiwa ni yeye, lakini nahodha alikuwa Percy Wilson. Hapa ndipo kazi hizo mbili zilipotengana kweli. Miaka 20 kabla, kocha na nahodha wa Collingwood kuwa watu wawili tofauti ndani ya uwanja mmoja lingekuwa jambo gumu kulieleza. Mwaka 1919, Con McCarthy alipochukua ubingwa akiwa nahodha, kila mtu alijua kwamba mpango wa mchezo ulikuwa wa McHale.

Nyuma ya McHale ilikuwepo kamati ya klabu, nayo haikusita kuonyesha nguvu zake. Charlie Tyson alikuwa nahodha katika fainali ya 1926, ambayo Collingwood ilifungwa na Melbourne. Kabla ya msimu uliofuata kuanza alikuwa ameshaondolewa, akahamia North Melbourne, na unahodha ukapewa Syd Coventry.

Mafanikio ya Coventry hayajafikiwa na nahodha yeyote wa ligi hiyo: ubingwa wa 1927, 1928, 1929 na 1930, miaka minne mfululizo. Timu hiyo iliitwa Mashine, na jina liliwafaa, kwa kuwa mwaka 1929 ilishinda mechi zote 18 za msimu wa kawaida, jambo ambalo halijafanywa na timu nyingine kabla wala baada yake. Ndani yake kulikuwa na ndugu: mdogo wa Syd, Gordon Coventry, mfungaji wa magoli 1,299 ambaye rekodi yake ilidumu hadi mwaka 1999, na Harry na Albert Collier. Syd mwenyewe alipewa Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora na mwadilifu wa ligi, mwaka huo huo wa 1927 alioanza unahodha.

Fainali ya 1930 dhidi ya Geelong inastahili kutazamwa kwa makini. McHale aliamka mgonjwa siku hiyo na hakufika uwanjani. Wakati wa mapumziko Collingwood ilikuwa nyuma kwa pointi 21, na chumbani hapakuwa na kocha wa kuwaambia wachezaji lolote. Aliyesimama kuzungumza nao alikuwa Bob Rush, mweka hazina wa klabu. Wachezaji walirudi uwanjani nyuma ya Coventry, wakageuza matokeo na kushinda kwa pointi 30. Hata hivyo ubingwa huo unahesabiwa miongoni mwa 8 wa McHale, na sioni kosa katika hilo, kwa kuwa timu ile aliijenga yeye kwa miaka mingi na haikuwa imeanza asubuhi ile. Ninaomba tu msomaji aikumbuke hesabu hiyo, kwa sababu miaka 28 baadaye klabu ilikutana na hali inayofanana na hiyo upande wa nahodha, na kumbukumbu zikaamua kinyume.

Harry Collier alichukua ubingwa wa 1935 na 1936 akiwa nahodha. Baada ya hapo klabu ilikaa miaka 17 bila ubingwa hadi 1953, ambapo nahodha Lou Richards aliiongoza kuishinda Geelong kwa pointi 12. Richards alikuwa na mizizi mirefu Victoria Park: babu yake mzaa mama, Charlie Pannam, aliichezea klabu tangu miaka yake ya mwanzo, wajomba zake wawili wakafuata, na mmoja wao, Alby, alikuwa nahodha mwaka 1945. Ukoo unajitokeza mara nyingi katika orodha hii. Wayne na Max Richardson ni ndugu na wote wawili walikuwa manahodha. Vivyo hivyo Ray na Tony Shaw. Na wako baba na mwana ambao nitawafikia.

Mwaka 1958 nahodha wa Collingwood alikuwa Frank Tuck. Melbourne ilikuwa imechukua ubingwa wa 1955, 1956 na 1957, na kama ingeshinda tena ingeifikia rekodi ya Mashine ya miaka minne mfululizo, rekodi ambayo kwa watu wa Collingwood ilikuwa na thamani kuliko jengo lolote mtaani kwao. Tuck aliumia na hakuweza kucheza fainali. Unahodha wa siku hiyo ukamwangukia msaidizi wake, Murray Weideman, kijana mwenye mwili mkubwa ambaye pamoja na Barry Harrison waliamua kuwakabili wachezaji wa Melbourne kwa ubavu tangu mwanzo, wakijua kwamba kwa ufundi pekee Melbourne ilikuwa bora zaidi. Melbourne iliingia katika mtego huo, ikaacha mpira na kujibu mapigo. Collingwood ilishinda kwa pointi 82 dhidi ya 64, na rekodi ya miaka minne ikabaki yao.

Nahodha wa ubingwa wa 1958 katika vitabu vyote ni Murray Weideman. Tuck, nahodha wa msimu mzima, hatajwi hapo. Kocha asiyekuwepo mwaka 1930 anahesabiwa. Nahodha asiyekuwepo mwaka 1958 hahesabiwi. Nimelitafakari sana jambo hili na naamini halitokani na uonevu bali na namna kazi hizo mbili zinavyotazamwa. Kazi ya kocha inahesabiwa kuwa imefanyika kabla ya kipyenga, kwenye mazoezi na katika uteuzi wa wachezaji, kwa hiyo ugonjwa wa siku moja hauifuti. Kazi ya nahodha inahesabiwa kuwa inafanyika siku ile ile, kwa mwili wake mwenyewe, mbele ya macho ya watu. Anayetaka kujua idadi ya manahodha wa ubingwa lazima akubali kanuni hiyo, ingawa kwa Tuck ni kanuni kali.

Weideman alipewa unahodha kamili kuanzia 1960, na hapo ndipo kilipoanza kipindi kirefu cha maumivu. Kati ya 1960 na 1981 Collingwood ilipoteza fainali nane: 1960, 1964, 1966, 1970, 1977, 1979, 1980 na 1981. Manahodha saba walishuka kutoka uwanjani wakiwa wameshindwa. Ray Gabelich alishindwa kwa pointi 4 mwaka 1964. Mwaka 1966 Des Tuddenham alishindwa kwa pointi 1, St Kilda 74 na Collingwood 73, na huo ndio ubingwa pekee ambao St Kilda imewahi kuupata. Mwaka 1977 Max Richardson alitoka sare katika fainali ya kwanza na kupoteza mechi ya marudio.

Katika hao wote, Tuddenham ndiye anayeeleza vizuri zaidi mipaka ya cheo cha nahodha. Collingwood ilikuwa na desturi ya zamani kwamba wachezaji wote walipwe sawa, nyota na asiyejulikana, na desturi hiyo ilikuwa sehemu ya heshima ya klabu tangu enzi za McHale. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 klabu nyingine zilikuwa zikishindana kwa fedha, na Collingwood yenyewe ilimleta mchezaji kutoka Australia Magharibi kwa malipo ambayo wachezaji wake wa siku nyingi hawakuwahi kuyaona. Kabla ya msimu wa 1970 kuanza, Tuddenham aliyekuwa nahodha na Len Thompson aliyekuwa msaidizi wake walikataa kucheza hadi mikataba yao iangaliwe upya. Mgomo ulipokwisha walirudi kikosini, lakini wote wawili walikuwa wamevuliwa vyeo, na Terry Waters akawa nahodha.

Adhabu hiyo ilionyesha wazi kwamba unahodha wa Collingwood ulikuwa mali ya kamati. Nahodha angeweza kuwaongoza wenzake dhidi ya Carlton au Richmond, lakini hakuruhusiwa kuwasemea wenzake mbele ya waajiri wao. Kwa macho ya leo, ambapo wachezaji wana chama chao na mikataba yao hujadiliwa kwa pamoja, dai la Tuddenham na Thompson linaonekana la haki kabisa, nami nasema bila kusita kwamba lilikuwa la haki hata wakati huo. Mwaka huo huo timu ilifika fainali. Watazamaji 121,696 waliingia MCG, uwanja mkuu wa mjini Melbourne, idadi ambayo haijawahi kufikiwa katika mchezo huo. Collingwood iliongoza kwa pointi 44 wakati wa mapumziko, kisha Carlton ikarudi na kushinda kwa pointi 10. Waters alikuwa nahodha. Tuddenham alicheza kama mchezaji wa kawaida. Sidai kwamba mgogoro wa malipo ndio uliopoteza fainali ile, kwa sababu timu iliyogawanyika isingepata uongozi wa pointi 44. Ila klabu ilimpoteza Tuddenham muda mfupi baadaye: mwaka 1972 alikwenda Essendon akiwa nahodha na kocha, maana yake klabu pinzani ilimpa madaraka yote mawili ambayo kwao hakuruhusiwa kuwa hata na moja. Thompson alibaki, na mwaka huo wa 1972 akashinda Medali ya Brownlow.

Tuddenham alirudi mwaka 1976 na kurejeshewa unahodha. Kocha wake alikuwa Weideman, yule yule nahodha wa siku moja wa 1958. Watu wawili waliowahi kuvaa cheo hicho hawakuelewana, na Collingwood ikamaliza msimu mkiani kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Tony Shaw, nahodha tangu 1987 chini ya kocha Leigh Matthews, alikuwa mfupi na hakuwa na mbio. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuupata mpira katikati ya msongamano na kuendelea kuupata hadi dakika ya mwisho. Tarehe 6 Oktoba 1990 Collingwood iliishinda Essendon kwa pointi 48, na Shaw akatunukiwa Medali ya Norm Smith ya mchezaji bora wa fainali. Mabingwa wa ligi walianza kukabidhiwa kombe siku ya fainali mwaka 1959, mwaka mmoja baada ya ushindi wa Weideman. Kwa hiyo manahodha wote wa ubingwa waliomtangulia Shaw, kuanzia Tulloch, hawakuwahi kuinua kombe hilo. Picha ya nahodha na kombe, ambayo leo inaonekana kuwa kiini cha cheo chenyewe, ilifika Collingwood baada ya klabu kuwepo kwa karibu karne nzima.

Nathan Buckley alikuwa nahodha kwa misimu tisa, 1999 hadi 2007, na kwa kipaji pengine hana mpinzani katika orodha yote. Mwaka 2002 alipewa Medali ya Norm Smith ingawa timu yake ilishindwa na Brisbane katika fainali. Mwaka 2003 alishinda Medali ya Brownlow pamoja na wachezaji wengine wawili, kisha akapoteza fainali nyingine kwa Brisbane hao hao. Hakupata ubingwa hata mara moja. Scott Burns alimfuata kwa msimu wa 2008, halafu akachaguliwa Nick Maxwell, beki aliyeingia klabuni kupitia orodha ya chipukizi, yaani mlango wa wale ambao hakuna aliyewagombea. Wakati huo timu ilikuwa na wachezaji wenye vipaji vikubwa zaidi yake, na wengi walihoji uteuzi huo. Lakini kazi ya nahodha ilikuwa imeshabadilika: klabu za kisasa zina kundi la uongozi la wachezaji kadhaa, wachezaji hutoa maoni yao kuhusu nani awaongoze, na anayefaa ni yule anayeweza kupanga safu ya ulinzi kwa sauti na kuaminiwa chumbani. Mbinu ni za kocha na benchi lake lenye wasaidizi wengi.

Maxwell alipimwa kwa namna ambayo haitajirudia. Tarehe 25 Septemba 2010 fainali dhidi ya St Kilda iliisha 68 kwa 68. King'ora kilipolia wachezaji wa pande zote mbili walibaki wametawanyika uwanjani, wengine wamekaa chini, bila kujua wafurahi au wahuzunike, na kwa kanuni za wakati huo walitakiwa kurudi wiki iliyofuata kuanza upya. Nahodha alilazimika kuirudisha timu kazini katika siku saba, jambo ambalo halina uhusiano na kipaji cha kupiga mpira. Collingwood ilishinda marudio kwa pointi 56. Tangu 2016 fainali ikiisha kwa sare huongezwa muda siku hiyo hiyo.

Scott Pendlebury, mchezaji bora wa marudio yale, alikuwa nahodha tangu 2014 hadi 2022. Mwaka 2018 alishindwa fainali kwa pointi 5 mbele ya West Coast, kocha wake akiwa Buckley. Mwaka 2021 ilitoka ripoti iliyothibitisha kwamba ndani ya Collingwood kulikuwa na ubaguzi wa rangi wa kimfumo, baada ya Héritier Lumumba, mzaliwa wa Brazil mwenye asili ya Afrika na mmoja wa mabingwa wa 2010, kueleza kwa miaka mingi yaliyompata na kutosikilizwa. Rais wa klabu alijiuzulu. Wachezaji walitoa barua ya wazi ya kuomba radhi kwa wote walioumizwa. Nailinganisha barua hiyo na mgomo wa 1970: safari hii wachezaji walisema jambo zito kwa jina lao wenyewe, na hakuna aliyevuliwa cheo. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana katika orodha yoyote ya majina na miaka.

Darcy Moore alipokea unahodha mwaka 2023. Baba yake, Peter Moore, mshindi wa Medali ya Brownlow ya 1979, ndiye nahodha aliyepoteza fainali ya 1981, ya mwisho katika zile nane. Mwana aliingia Collingwood kwa kanuni inayoipa klabu nafasi ya kwanza kumchukua kijana ambaye baba yake aliichezea mechi 100 au zaidi. Tarehe 30 Septemba 2023, mbele ya watazamaji 100,024, Collingwood iliishinda Brisbane kwa pointi 90 dhidi ya 86. Pendlebury, nahodha wa misimu tisa iliyotangulia, alikuwa uwanjani akicheza chini ya aliyemrithi.

Upande wa wanawake, ambako klabu ilianza kushiriki ligi ya taifa mwaka 2017, nahodha wa kwanza alikuwa Steph Chiocci. Mwaka 2021 Chiocci na Brianna Davey waligawana unahodha, wote wawili wakiwa na cheo kamili kwa wakati mmoja, na Davey akawa mmoja wa wachezaji wawili waliotunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi msimu huo. Mpangilio huo unaivunja kabisa dhana ya mtu mmoja anayeamua kila kitu, ile aliyoiishi Strickland mwaka 1896. Timu yao ikitwaa ubingwa ikiwa na manahodha wawili, watunza kumbukumbu watalazimika kuandika majina mawili mbele ya mwaka mmoja.